Gurudumu la mkia lirudi Dodoma

Mazungumzo ya usafiri wa anga Dodoma siku hizi ni mazungumzo ya Msalato. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la uwanja huo wa kimataifa Oktoba 2022, Benki ya Maendeleo ya Afrika imeukopesha, na njia yake ya kuruka na kutua imepangwa kuwa na urefu wa kilomita 3.6. Makao makuu ya nchi yanastahili uwanja wa namna hiyo, na makala hii haina ugomvi nao. Ninachotaka kukizungumzia ni jambo lisilopata kurasa nyingi: vijana watakaorusha ndege za nchi hii wanafundishwa nini, na wanafundishiwa wapi. Hoja yangu ni kwamba kila Mtanzania anayesomea leseni ya urubani wa biashara apitishwe saa kumi hivi kwenye ndege ya gurudumu la mkia, na kwamba mahali pa kumfundishia ni uwanda wa kati, yaani Dodoma pamoja na Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Manyoni na Singida zinazoizunguka.

Kwa asiyezijua ndege hizo, maelezo ni mafupi. Ndege ndogo nyingi tunazoziona leo zina magurudumu matatu, mawili chini ya kiwiliwili na moja chini ya pua. Hizi ninazozisemea zina makubwa mawili mbele na kigurudumu kidogo chini ya mkia, kwa hiyo zikiegeshwa hukaa kitako, pua ikiangalia juu. Tofauti inaonekana ndogo, lakini imebadilisha kila kitu anachofanya rubani akiwa ardhini. Kwenye ndege ya gurudumu la pua, kitovu cha uzito kiko mbele ya magurudumu makuu. Ikitua imepinda kidogo, uzito wenyewe huivuta na kuinyoosha. Kwenye ndege ya gurudumu la mkia kitovu hicho kiko nyuma ya magurudumu makuu, na hapo mambo yanageuka: ikigusa ardhi imepinda, uzito wa nyuma unataka kwenda mbele, kasoro ndogo inakuwa kubwa, mkia unakuja kumpita rubani, na ndani ya sekunde mbili tatu ndege imejizungusha chini, ncha ya bawa imekwaruza udongo na mguu mmoja umevunjika.

Kinga dhidi ya hayo ni miguu ya rubani. Usukani wa mkiani unaendeshwa kwa pedali mbili, na mwanafunzi wa ndege hii haruhusiwi kuzisahau hata nukta moja. Anapoondoka kwenye maegesho pua imemziba, haoni mbele, kwa hiyo anakwenda nyokanyoka akichungulia kushoto na kulia. Anapoongeza moto wa injini ili kuruka, nguvu ya pangaboi inaivuta ndege kushoto, naye anajibu kwa mguu wa kulia. Mkia unaponyanyuka, pangaboi linalozunguka linaongeza mvuto mwingine wa kushoto, na mguu unatakiwa uwe umeshaujua kabla kichwa hakijaufikiria. Wakati wa kutua anaivuta fimbo taratibu mpaka tumboni huku kasi ikifa, magurudumu yote matatu yaguse pamoja, na ndege iwe imenyooka kabisa na njia. Upepo ukitoka ubavuni lazima alilaze bawa la upande wa upepo na kuishika pua kwa mguu, atue kwa gurudumu moja, kisha la pili, kisha la mkia. Na baada ya kutua bado kazi haijaisha, maana upepo unaweza kuukamata mkia hata ndege ikiwa inatembea polepole kurudi maegeshoni. Mafunzo ya aina hii hayampi mwanafunzi nafasi ya kubahatisha. Kosa ambalo ndege ya gurudumu la pua ingemfichia, hii inamwonyesha papo hapo.

Viwandani, gurudumu la pua lilishinda kwa haki. Marekani, kampuni ya Cessna iliacha kutengeneza modeli yake ya 170 yenye gurudumu la mkia mwaka 1956, nafasi yake ikachukuliwa na Cessna 172, ambayo hadi leo ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000. Ilikuwa rahisi kuitua, na watu wengi zaidi waliweza kujifunza. Lakini urahisi huo ulikuwa na bei. Kizazi kizima kilijifunza kuruka miguu ikiwa imepumzika, mpaka Mamlaka ya Anga ya Marekani ikaona ni lazima, tangu 1991, rubani apate mafunzo na idhini maalumu ya mkufunzi kabla hajawa rubani kiongozi wa ndege ya gurudumu la mkia. Ujuzi ambao hapo awali kila rubani alikuwa nao ukawa somo la ziada.

Dodoma ilikuwa na ujuzi huo mapema. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua safari za kutoka London hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa kituo kati ya Moshi na Mbeya. Ndege zilizotua hapa, Hercules za injini tatu na baadaye Atalanta za injini nne, zote zilikuwa za kukaa kitako. Baada ya vita, shirika la East African Airways lililoundwa mwaka 1946 lilianza na Dragon Rapide, kisha likaja kutegemea Dakota, nazo zote zilikuwa na gurudumu la mkia. Kabla yao wote, mwaka 1920, ndege ya Vickers Vimy iliyokuwa ikijaribu kutoka Cairo hadi Cape iliishia Tabora. Injini zake zilikuwa zimesumbua njia nzima, na tarehe 27 Februari ikaanguka hapo ilipokuwa ikiruka. Waliokuwemo walitoka wazima, lakini safari yao ilikomea hapo.

Uwanda huu una hewa nyepesi, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuuchagua. Uwanja wa Dodoma uko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyembamba kana kwamba ndege iko mita 1,900 hivi. Injini ya kawaida ya pistoni inapoteza takribani sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake, na hata zaidi, huku ndege ikihitaji kasi halisi kubwa zaidi ili ielee: kipimo cha kasi kinamwonyesha rubani namba ileile aliyoizoea Dar es Salaam, lakini ardhi inapita chini yake kwa kasi iliyozidi namba hiyo kwa karibu asilimia kumi. Mbio zikiongezeka kwa asilimia kumi, nguvu ya mwendo inayotakiwa kumalizwa kwa breki na miguu inaongezeka kwa zaidi ya asilimia ishirini. Mwanafunzi aliyezoea hewa nzito ya pwani atasoma mambo haya kitabuni na kuyajibu vizuri kwenye mtihani. Dodoma atayasikia kwenye pedali. Na kwa kuwa viwanja vingi vya ndani ya Tanzania viko juu, kuanzia Mbeya, Iringa na Njombe hadi Tabora na Kigoma, huko ndiko atakakofanyia kazi.

Hali ya hewa nayo inasaidia. Mvua za Dodoma huanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili, kisha kuna miezi sita au saba ya anga iliyo wazi, ambayo mwanafunzi anaweza kuruka siku baada ya siku bila ratiba kukatika. Katika miezi hiyohiyo upepo wa mashariki na kusini mashariki unavuma kwa nguvu na kwa utaratibu unaoeleweka: asubuhi mtulivu, kufikia saa nne unaamka, mchana unatia vumbi machoni na kuinua visulisuli mashambani. Si bure kwamba Singida kumekuwa na mipango ya miaka mingi ya kuzalisha umeme kwa upepo. Kwa mkufunzi, siku kama hiyo ina ngazi tatu. Anamwanzisha mwanafunzi alfajiri, anamwongezea upepo wa ubavu kadiri anavyokomaa, na mchana anamfundisha jambo muhimu kuliko yote, kuitazama soksi ya upepo na kusema leo haturuki.

Lipo pia suala la kazi zenyewe, na hapa wenyeji wa uwanda wa kati wananielewa haraka. Mkulima wa mtama na uwele wa Kondoa, Chamwino au Manyoni, na yule wa mpunga wa Bahi, anamjua kweleakwelea. Ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 tu na anakula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja linameza tani 10 kila siku, na makundi ya milioni kadhaa si ya ajabu. Kwa miongo mingi msaada wa angani umetoka kwenye Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, DLCO-EA, lililoanzishwa mwaka 1962 na ambalo Tanzania ni mwanachama. Ndege zake zilizosifika ni Beaver za Canada, zenye gurudumu la mkia. Kazi hiyo inafanyika jioni, kweleakwelea wanaporudi kulala kwa maelfu kwenye miti na matete. Rubani anapita chini, karibu na vilele, akinyunyiza huku jua likizama, kisha anatafuta kiwanja cha udongo wakati mwanga umebaki kidogo. Dawa inayotumika ina madhara kwa viumbe wengine na mjadala wake ni halali kabisa. Hata hivyo, mradi nchi inaendelea kunyunyiza, anayenyunyiza awe amefundishwa. Ndege za kunyunyizia zinazotengenezwa leo, kama Air Tractor na Thrush za Marekani, bado zina gurudumu la mkia, kwa sababu pangaboi lao linakuwa mbali na mawe, na hakuna mguu wa pua wa kuvunjika kwenye shimo.

Upande wa magharibi na kusini wa uwanda ziko hifadhi za Ruaha, Rungwa, Kizigo na Muhesi. Sensa za angani zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walipungua kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014, yaani walipotea sita katika kila kumi. Idadi hiyo isingejulikana bila watu waliokaa kwenye ndege ndogo wakipita chini, mstari kwa mstari, wakihesabu. Utamaduni huo nchini kwetu ulianza na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958 kwa ndege ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia, nayo pia ya gurudumu la mkia. Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tumbusi, na kifo chake kinatosha kutukumbusha kwamba kuruka chini si mchezo. Jirani zetu wa Kenya, Shirika la Wanyamapori na taasisi ya Sheldrick pale Tsavo, wanadumu na Super Cub na Husky, ndege za viti viwili zinazoweza kutua kwa mwendo wa daladala mahali ambapo hakuna kiwanja. Tanzania ina maeneo makubwa zaidi ya kulinda kuliko Kenya. Kazi hiyo ikihitaji rubani, awe kijana wa Iringa au Singida aliyefundishwa hapahapa.

Pingamizi la kwanza nitakalosikia ni kwamba vijana wengi wanataka kurusha Airbus na Boeing za Air Tanzania, ambazo hazina gurudumu la mkia, hivyo hizi saa kumi ni za nini? Jibu linapatikana San Francisco. Tarehe 6 Julai 2013, siku ya anga safi, Boeing 777 ya Asiana iligonga ukingo wa bahari ikijaribu kutua, watu watatu wakafa. Mtambo wa ardhini unaoelekeza ndege ishuke kwa mteremko sahihi ulikuwa umezimwa kwa sababu ya ujenzi uwanjani, ikabidi marubani watue kwa macho na mikono, na wachunguzi wa Marekani walilitaja tatizo la kutegemea mno mitambo ya kujiendesha ambayo rubani haielewi vya kutosha. Miezi sita kabla ya hapo, Mamlaka ya Anga ya nchi hiyo ilikuwa imeyaandikia mashirika ikiyataka yawape marubani nafasi zaidi za kurusha ndege kwa mikono, baada ya kuona makosa ya aina hiyo yanaongezeka. Sidai kwamba ndege ya gurudumu la mkia ingeiokoa ndege ile, wala kwamba inafundisha mifumo ya kompyuta. Ninachodai ni kwamba inajenga tabia ya kuitazama kasi, mwelekeo na upepo mpaka mwisho wa safari, na tabia hiyo hujengwa rubani akiwa bado mwanafunzi. Rubani wa miaka kumi na mitano kazini ni vigumu kuanza kuipata.

Wa pili watasema ndege hizi zinavunjika. Ni kweli, na atakayekuuzia bima atakukumbusha. Kujizungusha chini ndiyo ajali yao ya kila siku. Lakini ajali hiyo kwa kawaida hutokea ndege ikiwa imeshagusa ardhi na mwendo umepungua, kwa hiyo inavunja chuma mara nyingi kuliko inavyoumiza watu, na kwenye udongo au nyasi, gurudumu linaweza kuteleza badala ya kung'ang'ania kama linavyofanya kwenye lami. Ndiyo maana sipendekezi mafunzo haya yafanyike kwenye lami ya uwanja wenye safari za abiria. Kinachotakiwa ni ukanda wa udongo wa mita elfu moja uliosawazishwa kwa greda, wenye njia mbili zinazokingamana ili mwanafunzi aanze kwa upepo wa mbele na baadaye apewe wa ubavu. Ardhi tambarare ya namna hiyo, mbali na nyumba za watu, bado ipo kati ya Bahi na Manyoni, kwa gharama ambayo mtu akiiweka karibu na bajeti ya Msalato haionekani.

Pingamizi la gharama lina uzito zaidi, nami nalichukulia hivyo. Mafunzo ya urubani yamewashinda wazazi wengi, na kuna vijana walioacha katikati kwa kukosa ada. Kuwaongezea mzigo itakuwa kosa. Lakini leseni ya biashara, kwa viwango vya kimataifa, inadai saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi moja iliyounganishwa. Saa kumi za gurudumu la mkia zinaweza kuwa sehemu ya hizo, si nyongeza juu yake. Mwanafunzi ambaye angezitumia kuzungukazunguka ili atimize idadi atazitumia kujifunza kitu. Kuhusu mafuta, ni kweli petroli ya ndege ni ghali na haipatikani kila mkoa. Hata hivyo zipo ndege ndogo za mafunzo zenye gurudumu la mkia ambazo injini zake zinakubali petroli ya magari na kunywa lita zisizozidi 20 kwa saa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimekuwa kikijenga uwezo wa kufundisha usafiri wa anga kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ndege mbili za aina hiyo zikiwekwa Dodoma wakati wa kiangazi, na wanafunzi wakipanda treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam kwa zamu za wiki mbili, jambo linawezekana.

Wapo pia wanaoamini ndege nyuki zitamaliza kazi zote hizi. Zimeshaanza kunyunyiza kweleakwelea katika nchi hii, na kwenye eneo dogo lenye maficho yanayojulikana ni chombo kizuri, tena salama. Ila makundi yakihama mbali hakiwezi kuyafuata, na askari wa wanyamapori wakizingirwa mbali na barabara na mmoja wao anahitaji kutolewa, chombo cha kilo 20 hakimbebi mtu. Na atakayeniambia kwamba shirika la wamisheni la MAF limefanya kazi Dodoma kwa miongo mingi, likihudumia vijiji vya mbali kwa Cessna za gurudumu la pua, anasema ukweli, na amenisaidia. Kazi ile iliwezekana kwa sababu marubani wake walifundishwa kutua kwenye udongo mfupi wenye upepo kabla hawajaaminiwa na wagonjwa. Sisi tumekuwa tukiipokea huduma hiyo bila kujiuliza vijana wetu wanaupata wapi ustadi huo.

Naiomba Wizara ya Uchukuzi iwakutanishe Mamlaka ya Usafiri wa Anga, NIT, shirika la hifadhi za taifa TANAPA, mamlaka ya wanyamapori TAWA na Wizara ya Kilimo, kabla safari kubwa hazijahamia Msalato na kabla ardhi tambarare iliyo wazi magharibi mwa jiji haijapimwa yote kuwa viwanja vya makazi. Waombe eneo moja, walisawazishe, wanunue ndege mbili na kuajiri wakufunzi wawili waliokomaa. Kisha, kwa kuanzia, Mamlaka iandike kwenye mtaala kwamba saa kumi hizo ni za lazima kwa kila anayesoma kwa fedha za umma.